Kuambia watoto kwamba wanaanza kusomea nyumbani: venye sisi tulifanya na venye ningekushauri

Hii nimemwandikia mzazi ambaye ameshaamua. Kama wewe na mwenzako bado mnavutana usiku jikoni, malizeni hiyo kwanza, kwa sababu kwa hizi nyumba zetu za vyumba viwili watoto wanasikia kila kitu, na mtoto akishajua baba anataka na mama hataki, hapo ndipo atakuwa anapitia kila asubuhi asiposikia kusoma. Sisi tunaishi Donholm hapa Nairobi, tuko na watoto watatu, wakati huo mkubwa alikuwa 11, wa katikati 8, mdogo 5. Kuamua kulituchukua karibu miezi sita. Kuwaambia kulituchukua Jumamosi moja tu, na kuna mambo ya hiyo Jumamosi ambayo mpaka leo nikikumbuka yananiuma, ndio maana naandika.

Kitu kimoja ukishike kabla ya yote: wewe unaona unampa mtoto kitu, yeye anasikia ananyang'anywa. Wewe unaongea silabasi, yeye anawaza nani atakalia kiti chake. Ukilikumbuka hilo, mengine yote yatakuwa rahisi kidogo.

Hatua ya 1: Jua majibu kabla hujakaa nao chini

Watoto hawaulizi maswali ya falsafa, wanauliza ya kazi. Nitafanya mtihani wapi? Nitasoma na nani? Vitabu vyangu vya shule tunapea nani? Ukianza kubabaika kwa swali la kwanza wanajua hamjajipanga, na hofu inaanzia hapo.

Kwa hivyo kaa na mwenzako na karatasi. Mnafuata mtaala gani, ule wa Kenya wa CBC (siku hizi wanauita CBE), ule wa Uingereza wa Cambridge, ama ile ya Kikristo ya vijitabu vya ACE ambayo familia nyingi za kanisa hapa Nairobi zinatumia? Kama mnabaki na mtaala wa Kenya, mtihani wa KPSEA uko Gredi ya 6 na wa KJSEA Gredi ya 9, na usajili wa KNEC (baraza la mitihani) unapitia kwa shule ama kituo kilichosajiliwa, hauwezi kuufanya ukiwa sebuleni, kwa hivyo tafuta hicho kituo mapema na umjue mtu wa kuongea naye pale. Mkubwa wangu alikuwa Gredi ya 5 na hilo lilikuwa swali lake la pili.

Halafu sheria. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, asipofanya hivyo kuna faini ya mpaka shilingi 100,000 ama kifungo cha mpaka mwaka 1 ama vyote viwili. Hii si ya kupuuza eti kwa sababu unajua familia kumi zinafanya. Ongea na wakili, nenda uonane na afisa wa elimu wa kaunti ndogo yenu, weka makaratasi kwa faili. Fanya hivyo KABLA ya kuwaambia watoto, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa na soja wa geti saa nne asubuhi kwa nini hawako shule, wewe utakuwa ndani unapika.

Hatua ya 2: Watu wazima wanyamaze mpaka watoto wasikie kutoka kwako

Hapa ndipo sisi tuliteleza. Nilikuwa nimemwambia dada yangu, na dada yangu akanitumia voisi noti ndefu ya kunipa moyo, nikaicheza jikoni simu ikiwa kwa kaunta huku nakanda unga wa chapati, nikidhani watoto wako chini wanacheza. Mkubwa alikuwa korido anatafuta chaja. Hakusema kitu. Alikaa na hiyo habari siku nne, anaenda shule, anarudi, anakula, analala, na mimi sikujua. Siku tulipomwambia akasema tu, "Najua." Mama, hiyo "najua" ilinivunja. Siku nne mtoto wa miaka 11 amebeba peke yake kitu kama hicho, akijiuliza kwa nini anti anajua na yeye hajui.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu: watoto kwanza, halafu shosho na guka (bibi na babu), halafu shule, halafu wengine. Shida ni kwamba shule nyingi za praiveti zinataka notisi, usipoipeana kwa wakati unalipa karo ya muhula (soma ile fomu ulitia sahihi ukimwandikisha), kwa hivyo barua ya notisi na kuwaambia watoto vinakuja karibu karibu. Waambie watoto Jumamosi, barua iende Jumatatu. Na ukiipeleka, muombe mwalimu mkuu kwa heshima asimwite mtoto ofisini kumhoji, na ticha wa darasa asilitangaze mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Chagua siku, na isiwe siku ya kufunga shule

Watu wengi wanangoja kufunga shule ndio waseme. Wanadhani wanamuepushia mtoto uchungu. Lakini mtoto akiambiwa akiwa tayari likizo amenyimwa nafasi ya kuaga, hajui kwamba ile Ijumaa ilikuwa ya mwisho, alitoka geti akipunga mkono kama kawaida. Mimi naona huko ni kumkosea. Mwambie wiki tatu ama nne kabla muhula haujaisha. Zaidi ya hapo ni kumning'iniza, mtoto mdogo hasa hawezi kubeba kitu miezi miwili.

Usiseme ndani ya matatu, usiseme ukiwa umemkasirikia, na usiseme siku ripoti fomu imekuja. Hiyo ya ripoti fomu ni mbaya zaidi ya zote, kwa sababu haijalishi utasema nini baada ya hapo, atakachosikia ni kwamba alama zimemfukuzisha shule.

Sisi tulichagua Jumamosi asubuhi, hakuna wageni, hakuna mazoezi ya kwaya, runinga imezimwa.

Hatua ya 4: Mkubwa kwanza, peke yake

Mwenye atapoteza zaidi ndiye anafaa kusikia kwanza, na mara nyingi ni mkubwa, ana marafiki wa kweli, ana siri nao, ana nafasi yake kwa timu. Tulimuita kwa balkoni baada ya chai. Akisikia pamoja na wadogo atajilazimisha kuonekana mkubwa na hutajua anachofikiria.

Lakini usimwambie leo halafu umwambie "usiwaambie wenzako mpaka wiki ijayo". Asubuhi yeye, mchana wote pamoja, imeisha.

Hatua ya 5: Sema kwa maneno machache, na useme ile sababu ya ukweli

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Babake akanikataza, akasema sentensi tatu zinatosha, na alikuwa sawa. Tulisema hivi: "Tumeamua kwamba kuanzia Januari mtasomea hapa nyumbani. Ni uamuzi wetu mimi na mama, si kwa sababu kuna mtu alikosa. Tunataka mtuulize chochote, leo na siku zingine." Basi. Halafu ukanyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu, mdomo unataka kujaza kimya na ahadi.

Angalia hatukusema "mnaonaje tukianza kusomea nyumbani?" Kama umeshaamua usimuulize mtoto kama anataka. Akisema hataki utafanya nini? Utapita juu ya jibu lake, na hapo umemfundisha kwamba ukimuuliza kitu hutaki jibu.

Sababu nayo, toa ile ya ukweli kwa kipimo cha umri wake. Kama ni karo, sema karo. Watoto wa Nairobi wanajua pesa ni nini, wanaona ukihesabu za stima na za maji, hawatakufa kwa kusikia kwamba mwaka huu karo imetushinda. Kitakachowaumiza ni kuambiwa "ni kwa faida yenu" halafu miezi mitatu baadaye wasikie ukimwambia mtu kwa simu kwamba ni pesa. Kama mtoto alikuwa anachapwa shule ama anaonewa na wenzake, mwambie wazi kwamba kosa si lake, na pia kwamba viboko shuleni vimekatazwa na hiyo hiyo sheria ya 2013, ajue yeye hakuwa analalamika bure.

Sababu yetu ilikuwa barabara na usingizi, pamoja na masomo ya huyu wa katikati. Basi ya shule ilikuwa inawachukua saa kumi na moja na robo asubuhi, wanarudi saa kumi na mbili jioni kama barabara ya Outering haijafunga na jam, wanakula wakisinzia, na bado kuna homwaki. Mdogo alikuwa analia kila asubuhi akivalishwa soksi akiwa bado analala. Hiyo walielewa mara moja, hakuna wa kuwaeleza, miili yao inaijua.

Ile ya kusoma tulijaribu kuificha. Mtoto wangu wa 8 alikuwa hawezi kusoma ukurasa mzima, na darasa lilikuwa limejaa ticha hamfikii. Hatukutaka kumuaibisha mbele ya wengine kwa hivyo hatukulitaja kabisa. Usiku nikiwa namfunika akaniuliza polepole, "Mama, ni mimi nimetolesha wengine shule?" Alikuwa ameshajumlisha mwenyewe. Nilikaa chini kando ya kitanda. Nikamwambia hapana, barabara ingetutoa hata kama ungekuwa unasoma kama mtangazaji wa habari, lakini ni kweli pia nataka tusome wewe na mimi pamoja bila mtu kukuharakisha. Akauliza, "Kila siku?" Nikasema kila siku. Akalala. Kwa hivyo kama kuna mtoto mmoja ambaye shida yake imechangia, mtafute peke yake siku hiyo hiyo, usingoje akutafute, wengine hawatauliza kamwe, watakaa tu wakijua ni wao.

Hatua ya 6: Maswali, na ile ya marafiki ndio kubwa

Haya ndiyo tuliyopata, na nimesikia karibu hayo hayo kwa wazazi wenzangu.

"Kwani korona imerudi?" Huyu alikuwa mkubwa. Alikuwa na miaka 7 Machi 2020 shule zilipofungwa, na kwake kusomea nyumbani ni kukaa ndani, kusikiliza masomo ya redio ya KBC, kutoona mtu, na watu wazima wenye hofu usoni, mpaka Januari 2021 wenzake waliporudi. Kama una mtoto wa umri huo, jibu hili hata kama hajauliza. Mwambie tofauti iko wapi: geti liko wazi, utatoka, utaona watu, hakuna ugonjwa.

"Utakuwa mama ama ticha?" Nilimwambia nitakuwa mama mwenye anafundisha. Hakuridhika, na kusema ukweli jibu lilikuja baadaye kwa vitendo, kwamba nikikasirika kuhusu hesabu hasira hiyo haifiki kwa chakula cha jioni. Hiyo nilijifunza kwa shida.

"Na graduesheni yangu?" Mdogo alikuwa PP1 (chekechea, mwaka wa kwanza), ameona wa PP2 (mwaka wa mwisho) wakivaa yale majoho na kofia, na alikuwa amehesabu zamu yake. Usicheke. Kwake hiyo ndio hasara kubwa ya habari yote. Nilimwambia, hutakuwa na ile ya shule, naona umesikitika, na alilia sana nikamshika. Sikumwambia tutafanya yetu. Tulikuja kuifanya, lakini siku hiyo ilikuwa ya kulia tu.

"Watu watasema tumefeli?" Wengine watasema. Mwambie hivyo.

Sasa marafiki. "Nitaona marafiki wangu lini?" Jibu la haraka linalokuja mdomoni ni "utawaona tu kila wakati", na si kweli, unajua si kweli, huyu anaishi Syokimau, huyu Kasarani, huyu babake hata hamjuani. Chukua karatasi pale pale, mwambie akuandikie majina, asizidi matano, ya wale hawezi kukaa bila. Kisha mbele ya kila jina muandike pamoja: tuna namba ya mzazi? Anaishi wapi? Likizo ya Aprili tunaweza kukutana? Kwetu majina yalikuwa manne, namba tulipata tatu kwa grupu ya WhatsApp ya darasa, na mpaka leo wawili wanaonana naye mara moja kwa mwezi hivi. Wawili walipotea. Ni bora mtoto ajue kutoka mwanzo kwamba wengine watapotea, kuliko kungoja simu.

Hatua ya 7: Usinunue furaha yao

Hakuna tableti, hakuna mbwa, hakuna "mtalala mpaka saa tatu", hakuna "hakuna homwaki tena". Ukianza kuahidi umekubali kwamba habari yenyewe ni mbaya inahitaji fidia, na watoto watakudai kila moja. Wakikasirika wacha wakasirike. Mkubwa wangu hakuongea na mimi mpaka Jumatatu jioni, na sikumfukuzia.

Hatua ya 8: Wape vitu vya kuamua kweli

Uamuzi mkubwa umewapita, kwa hivyo wape midogo ambayo utaiheshimu hata usipoipenda. Wetu waliamua masomo yaanze saa mbili na nusu, meza ikae karibu na dirisha la upande wa barabara (mimi nilitaka chumbani kwenye kimya), hesabu iwe ya kwanza ndio iishe, na Alhamisi iwe ya kutoka. Alhamisi imetusaidia sana. Tumeenda makumbusho ya taifa, msitu wa Karura, Makumbusho ya Reli, na maktaba, ile ya McMillan pale mjini iliyofunguliwa 1931 na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ambayo kwa sisi wa Eastlands ni karibu. Mpe mtoto kazi ya kupanga safari, matatu gani, nauli ngapi, tunatoka saa ngapi. Mkubwa, yule hakuwa anaongea na mimi, alikubali kupanga Alhamisi ya kwanza kabla hajakubali kitu kingine chochote.

Hatua ya 9: Kuaga

Usiache shule iishe hivi hivi. Uliza kila mmoja anataka kuaga vipi. Wa katikati alitaka kubeba mandazi ya darasa zima, tukakaanga usiku, yalikuwa 60. Mdogo alichora picha ya ticha wake. Mkubwa alisema hataki kuaga mtu, nikataka kumlazimisha, babake akasema tumuache, basi siku ya mwisho akatoka na shati la yunifomu limeandikwa majina na kalamu za rangi, mgongo mzima, wenyewe walipanga bila mimi. Hilo shati limeniningʼinia kabatini, halifuliwi.

Mwende pia mkamshukuru ticha, hata kama kuna mlichokasirikia. Mtoto anakuangalia unavyotoka mahali.

Shosho mwambieni nyinyi, msimtume mtoto. Atauliza mtoto atakuwa nani bila shule. Msikilizeni mpaka amalize, halafu muombeni kitu cha kuwafundisha watoto wakija ushago likizo. Wetu anawafundisha kushona vikapu na sasa anatutetea kwa kila harusi.

Hatua ya 10: Jibu la huko nje

Soja, mama mboga, mtu wa boda, mama wa kanisani, wote watauliza "mbona hauko shule?" Fanyeni mazoezi ya jibu moja fupi. Letu ni: "Nasomea nyumbani, mama yuko hapo juu." Likiendelea swali la pili, mtoto aseme "muulize mama" na aondoke. Usimfundishe kusema ni mgonjwa ama wako midterm. Ukimwambia mtoto adanganye kuhusu masomo yake ataanza kuamini kuna kitu cha aibu mnaficha. Na kama ni chifu ama mtu wa ofisi ameuliza, hiyo si kazi ya mtoto kabisa, ni ya lile faili la hatua ya kwanza.

Hatua ya 11: Jiandae na siku shule zikifunguliwa

Desemba yote ni rahisi, kila mtoto wa fleti yuko nyumbani, hakuna tofauti. Halafu inakuja ile Jumatatu ya Januari. Kwetu mabasi yalianza kupiga honi kabla jua halijatoka, watoto wa jirani wanashuka ngazi na viatu vipya, na nilipotoka nikamkuta mkubwa amesimama balkoni na leso ya kulalia, anaangalia chini. Watakuuliza tena siku hiyo maswali yote kama hawajawahi kuambiwa. Jibu tena, yale yale, bila "si tuliongea?" Na usipange hesabu ya Gredi ya 6 asubuhi hiyo.

Mimi nilisimama naye tu. Basi lao likapita, lile la njano, mtu mmoja dirishani akampungia, akapunga. Lilipokata kona nikamuuliza kama tutoke leo badala ya Alhamisi. Akafikiria, akasema, "Wacha nione nauli kwanza," akaingia ndani kutafuta daftari.